Marcelino na Ndama Waliofichwa

"Kwa hiyo ng'ombe wenu hawazai? Wanapata mimba, halafu inapotelea hewani kama moshi?"

Marcelino alikuwa amesimama katikati ya varanda ya hospitali, glovu ndefu ya plastiki bado iko mkononi mpaka begani, inachuruzika sakafuni ambako nilikuwa nimetoka kupiga deki.

"Miaka sita nazunguka milima hii," alisema. "Ng'ombe akikosa kushika, simu inalia kabla sijafika nyumbani. Akizaa, kimya. Hakuna hata mmoja wenu, nasema hata mmoja, aliyewahi kuniambia, Marcelino, yule ng'ombe kazaa. Mimi ni nani kwenu? Bomba?"

"Bomba linatoa maji," alijibu Tupokigwe, mama mfugaji aliyekuwa mbele ya foleni. "Wewe kwangu hujatoa kitu. Mtamba wangu umemchoma choma na mrija wako, hakushika. Hela yangu imekwenda na mkono wako wa baridi."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mwenye kuku wa kupasuliwa aliweka kuku wake chini ili acheke vizuri.

"Mkono wangu una baridi?"

"Una baridi. Kila mtu anajua. Mtu mwenyewe hana mtoto hata wa kuazima, atawapa wengine ndama?"

Hapo kicheko kilikatika. Marcelino alivua ile glovu polepole, akaigeuza nje ndani, akaifunga fundo, akaitupa kwenye pipa. Na Tupokigwe, namfahamu, alijua amepitiliza, lakini huyo mama akishatupa jiwe haendi kuliokota.

Mzee Ipyana, mwenyekiti wetu, alikuwa amekaa kwenye benchi anasikiliza kama mtu aliyelipia kiingilio. Akajikohoza.

"Tusigombane," alisema. "Mkutano wa wanachama ni mwisho wa mwezi. Bwana Marcelino atuletee ng'ombe mmoja na ndama wake, na mwenye ng'ombe asimame aseme kwa mdomo wake kwamba huyu ni wa mrija. Mmoja tu. Akikosekana, huduma hii tunaifunga. Tutarudi kwenye dume kama wazee wetu."

Dume gani? Hakusema, na hakuwa na haja ya kusema. Dume ni la kwake, linaitwa Katapila, jekundu kama tofali, na kila likipanda ng'ombe wa mtu mzee anapokea. Tangu mirija ije Mbalizi, Katapila amekuwa akila majani bure.

Hospitali yetu ya mifugo si ya serikali wala ya tajiri. Ni ya wafugaji wenyewe, walichanga matofali na mabati, ikasimama pale njia inapoanza kupanda kwenda Umalila. Tunachanja mbwa, tunahasi nguruwe, tunakata pembe, tunapasua kuku waliokufa ili kujua kilichowaua. Ng'ombe wanaogeshwa kwenye josho lililo nyuma. Daktari ni mmoja, Dokta Devota, binti mdogo mwenye sauti ya kuamrisha askari, ana mwaka mmoja hapa. Mimi nachemsha vyuma, nafua makoti, nasafisha kibanio cha mbao tunachowabania ng'ombe, na napokea simu. Kwa hiyo nisemacho nakijua. Simu zote za ng'ombe wenye joto zilipita sikioni mwangu.

Marcelino ndiye mhimilishaji. Anabeba mtungi wa naitrojeni kwenye pikipiki, ndani mna mirija ya mbegu za madume ya maziwa, imeganda kwa baridi ambayo ukiigusa inaunguza kuliko moto. Ukiona ng'ombe wako anapanda wenzake na kulia ovyo, unapiga simu. Anakuja. Mkono mmoja unaingia nyuma ya ng'ombe, mwingine unasukuma mrija, dakika chache kamaliza. Ananawa, anapanda pikipiki, anakwenda. Mwenye nyumba hata chai hamkaribishi, maana nani atakunywa chai na mtu aliyetoka kutoa mkono huko?

Yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alijitenga kabla hajatengwa. Kikombe chake alikiweka peke yake juu ya dirisha la stoo. Saa ya chai sisi tulikaa varandani, yeye alikwenda kukaa kwenye mbao za kibanio, mgongo kwetu, anaangalia barabara ya Tunduma na malori yake. Nilimwita mara nyingi. "Njoo huku, Marcelino, hatukung'ati." Anajibu, "Nanuka, Mama Sedekia." Wala hakunuka. Alikuwa ananawa kwa sabuni ya mche mpaka mikono imekuwa na magamba kama ya kenge.

Ni Mhehe wa Ipogolo, pale Iringa chini, mabasi yanapopita. Huku kwetu Mhehe hakosi utani wa kula mbwa, na hospitali ya mifugo ndiyo mahali pabaya zaidi pa Mhehe kufanya kazi. Kila anayeleta mbwa lazima aseme: "Mama Sedekia, mbwa wangu namwacha kwako, usimpe Mhehe, jioni nitaletewa mifupa." Mwanzoni Marcelino alijibu. Alisema, "Huyo amekonda, mrudishe nyumbani akanenepe kwanza." Watu walicheka na yeye akacheka. Lakini utani unataka mtu awe na wenzake nyuma yake, wamchangie maneno, wamtetee akizidiwa. Yeye alikuwa peke yake, wao kijiji kizima. Baadaye aliacha kujibu. Wao hawakuacha kusema.

Alikuwa na mke, Faustina. Alikuja naye mwaka wa kwanza, mama mrefu, mtaratibu, anayependa kufuma. Mtoto hawakupata. Halafu mama yake Faustina akaugua kule Ipogolo, akaenda kumuuguza. Mama akapona. Faustina hakurudi. Sikuuliza, na waliouliza hawakujibiwa. Krismasi mbili Marcelino alipanda basi kwenda, akarudi kabla ya mwaka mpya. Krismasi ya tatu alibaki hapa Mbalizi, nikamkuta anapiga rangi mlango wa stoo ambao haukuhitaji rangi.

Kwa hiyo Mzee Ipyana aliposema huduma itafungwa, wengine walisikia habari ya ng'ombe. Mimi nilisikia kwamba mtu huyu atarudishwa Ipogolo, na Ipogolo anarudi kwa nani?

Jambo moja lilikuwa linanikera siku nyingi. Ndama tuliwaona. Si kwamba hawakuwepo! Waliletwa kuchanjwa, madoa meupe na meusi, miguu mirefu, nundu hakuna. Ila anayeleta ndama alisimama kwanza getini na kuuliza, "Mhehe yupo?" Nikisema yupo, anapitiliza na ndama wake kama anakwenda sokoni. Nikisema katoka, anaingia. Ukimuuliza baba wa ndama ni nani, wote jibu moja: "Dume la misheni." Dume hilo la misheni, kama lingekuwa limepanda ng'ombe wote wanaosemwa, lingeshakufa kwa uchovu.

Dokta Devota alimwambia mwenyekiti, "Mzee, ndama wa mirija nimewaona kwa macho yangu." Mzee akamjibu, "Dokta, wewe umeona rangi. Rangi hata kitenge kinayo. Mwenye ng'ombe aseme."

Na wenye ng'ombe hawakusema. Hata kwenye kundi letu la wasapu, ambako wanatuma picha za harusi, za viazi, za mjomba amelala kwenye jeneza, picha ya ndama huioni.

Dokta akaniambia, "Mama Sedekia, wewe umeolewa Umalila, wanawake wa huko unawajua. Panda na Marcelino, mtafute huyo ndama mmoja."

Tulipanda. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi inauma masikio, ukungu umekaa kwenye mashamba ya pareto kama maziwa yaliyomwagika. Mimi nyuma ya pikipiki nimejifunga mashuka mawili. Marcelino aliendesha taratibu kwenye makorongo, na kila tulipopita nyumba alinionyesha kwa kidevu. "Hapa nilihimilisha wa madoa. Pale, ng'ombe mkali, alinipiga teke la goti. Hapa wawili." Alikumbuka ng'ombe wote. Majina ya wenye nyumba aliyakosea.

Nyumba ya kwanza mama alitupokea na tabasamu. Shikamoo, marahaba, karibuni. Ng'ombe amesimama zizini, chuchu zimejaa mpaka zinadondosha zenyewe.

"Huyu kazaa, mama," nilisema.

"Hajazaa."

"Na maziwa haya?"

"Ni ya mwaka jana."

Niliwahi kusikia uongo maishani, nimeishi na wanaume wawili, lakini maziwa ya mwaka jana kwenye chuchu sijawahi. Nikafungua mdomo nimwambie. Kabla sijasema, ndani ya nyumba, chumbani kabisa, wanakolala watu, kikasikika kilio. Mmoo-o-o. Yule mama akaanza kukohoa. Alikohoa kwa nguvu kama mwenye kifua kikuu, kila ndama akilia na yeye anakohoa.

Marcelino aliinamisha kichwa. Niliona anasikiliza. Ng'ombe alipomkaribia akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kamwene." Ndivyo alivyowasalimu ng'ombe wote, kwa Kihehe. Sijui kama wao walielewa, lakini walisimama. Na kwa miaka niliyofanya kazi naye sikumsikia akimwambia mtu mwingine yeyote neno hilo hapa Mbalizi.

"Twende, Mama Sedekia," alisema.

"Twende wapi? Ndama yumo chumbani! Huyu mama amemlaza kitandani kama mzazi!"

"Twende."

Nyumba zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Pengine tulikuta majani laini yamekatwa, na kamba fupi imefungwa kwenye mti, haina kitu. Pengine baba mmoja aliapa kwa Mungu wa mbinguni kwamba ng'ombe wake alikufa, na ng'ombe mwenyewe amesimama nyuma yake anacheua. Watu hawakutufukuza. Hicho ndicho kilichoumiza. Walitukaribisha, walitupa viti, na macho yao yote yalikuwa yanatuomba tuondoke.

Kwenye kilima cha juu tulisimama kupumzisha pikipiki. Nilikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, nikampa. Alikula akiwa amesimama mbali kidogo nami, upande ambao upepo haunijii kutoka kwake.

"Umemsikia yule wa chumbani?" aliniuliza.

"Nani hakumsikia? Mama wa watu amekohoa mpaka nimemwonea huruma."

"Ana sauti nzito. Ni dume yule." Akatafuna. "Wakati mwingine nikipita njiani jioni nawasikia. Nazima pikipiki nasikiliza. Halafu mtu anatoka nje, nawasha, naondoka."

"Unataka nini kwao, Marcelino? Kazi umefanya, mshahara unapata."

"Sitaki kitu. Nataka kumwona akisimama. Wale wa siku ya kwanza, miguu inavyotetemeka." Alinirudishia mfuko wa viazi, bado una viazi. "Nimewafanya mamia. Sijaona hata mmoja akisimama."

Nikamwambia apige kiki, baridi imenifika mifupani.

Jibu la kwa nini wanaficha ndama nililipata kwa mama mkwe wangu, Esnath. Sikumwendea kwa ushauri. Huyo bibi ushauri wake ni matusi. Nilikwenda kumpelekea chumvi, nikamkuta anapukuchua maharage, nikaanza kulalamika tu kama kawaida yangu, kwamba watu wa huku wamerogwa, wanaficha ndama vyumbani.

Aliniangalia kama mtu aliyeokota akili barabarani.

"Sasa wafanyeje? Wakimwonyesha si atadai?"

"Atadai nini? Walishalipa hospitalini, risiti wanazo!"

"Hiyo ni ya hospitali. Yeye je? Mwenye dume?"

"Yeye si mwenye dume, mama. Yeye anabeba mtungi."

"Aliyemleta dume ndiye mwenye dume," alisema Esnath. "Ng'ombe akizaa unamwita, anamwona ndama, anamwekea mkono, unampa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, yakiwa yamepikwa. Na kuku. Ndama akiwa jike, siku naye akizaa, yule mwenye dume ana neno lake pale, anaweza kudai. Ndivyo tulivyofanya. Sasa huyu Mhehe wenu, dume lake liko kwenye chupa, amepita nyumba zote za mlima huu. Akianza kudai, huku atabaki mtu na ng'ombe?"

"Na mbona hamkumuuliza kama anadai?"

"Anayemuuliza mdai kama anadai ni mjinga."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mimi sikucheka. Nilikaa pale na chumvi yangu nikaelewa ile "Mhehe yupo?" ya getini. Nikaelewa na macho ya wale waliotupa viti. Asiyemwona ndama hana cha kudai, basi ndama asionekane. Miaka sita watu wote walikuwa wanamkimbia Marcelino kama mdai, na mwenyewe hajui kama anadai.

"Na Mzee Ipyana anajua?" niliuliza.

"Ipyana? Ndiye anayewakumbusha," alisema Esnath, akaendelea kupukuchua.

Siku ya pili nilimfuata Marcelino kwenye kibanio saa ya chai, nikakaa kwenye mbao pembeni yake, apende asipende. Nikamweleza yote, dang'a, kuku, neno la ndama jike. Alisikiliza akiangalia malori.

"Kumbe nawadai," alisema mwisho.

"Wanaona unawadai."

"Kumbe nawadai wote." Alirudia kama mtu anayeonja chakula kigeni. Halafu akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa zuri kuliangalia. "Mimi nilifikiri hawanijui."

Mkutano ulifanyika chini ya banda la mnada, mbuzi wamefukuzwa, mabenchi yamepangwa. Wanachama walijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya dawa ya josho, wengine kwa ajili ya soda. Tupokigwe alikaa mstari wa mbele, khanga mpya, mikono amefunga kifuani. Nyumba yake iko pale pale, unaiona kutoka bandani, ya tatu ukishapita josho.

Mzee Ipyana akafungua kwa sala, akaingia moja kwa moja.

"Suala la mirija. Tulisema aletwe ng'ombe mmoja na ndama wake, mwenyewe aseme. Yupo?"

Mtu alikuna shingo. Yule mama wa maziwa ya mwaka jana nilimwona nyuma kabisa, anatafuta kitu kwenye kikapu chake ambacho hakikuwamo.

"Yupo?" alirudia mzee. Alikuwa na haraka, nikaona. "Hayupo. Basi ndugu wanachama..."

Marcelino akasimama. Alikuwa amevaa shati la kwendea misa, limepigwa pasi, mikono amekunja mpaka viwikoni na magamba yake yote nje.

"Naomba kusema, mwenyekiti."

"Kwa kifupi."

"Nimeambiwa nawadai." Sauti yake haikuwa kubwa, watu wakalazimika kunyamaza. "Sikujua. Kwetu Ipogolo mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia karibu na stendi, mambo ya dume sikufundishwa. Nimeambiwa kila nyumba niliyoingia kuna dang'a yangu, kuna kuku wangu, na kuna ndama wana neno langu. Basi nasema mbele ya wote. Nimesamehe. Sidai dang'a, sidai kuku, sidai ndama. Sidai mtu. Hata mkiifunga kazi hii leo, nikiondoka Mbalizi, hakuna atakayekuja kudai kwa jina langu. Lalani salama."

Akakaa.

Nilitegemea nini? Labda makofi. Labda mtu mmoja ainue mkono aseme wangu yupo nyumbani. Hakuna aliyenyanyua kidole. Nyuso zilikuwa zimefungwa, nzito, kama za watu waliotukanwa. Hata Dokta Devota aliniangalia kuuliza tumekosea wapi. Mzee Ipyana akatabasamu kwa upande mmoja.

"Tumesikia," alisema. "Basi twende kwenye dawa ya josho."

Tupokigwe akasimama.

"Nani kakuomba msamaha?" alimwuliza Marcelino.

"Mama, mimi nimesema tu..."

"Nakuuliza, nani? Nilikuja kwako nikapiga magoti, nikasema Marcelino, mimi maskini, sina dang'a, nisamehe? Unasimama mbele ya watu wote hawa unanisamehe mimi, Tupokigwe? Mimi wa kusamehewa maziwa?"

"Mama Tupo, kaa chini," alisema mwenyekiti, "ajenda hiyo imepita."

"Imepita kwako."

Akatoka bandani, khanga inapeperuka. Watu wakasema amekasirika kaenda nyumbani. Na kweli alikwenda nyumbani. Mzee akaendelea na dawa, bei imepanda, wanachama wakapiga kelele, mtu mmoja akasema tuchanganye maji zaidi, Dokta akamwambia ukichanganya maji zaidi utaogesha kupe. Tulikuwa bado hapo tuliposikia ng'ombe.

Tupokigwe alikuwa anakuja kupitia josho anavuta kamba. Nyuma yake mtamba wake, ambaye sasa hakuwa mtamba tena. Nyuma ya mtamba ndama, mweusi, nyota nyeupe usoni, miguu mirefu, anajikwaa kwenye kila jiwe. Na mkononi mwa Tupokigwe, juu ya kata ya kitambaa, bakuli limefunikwa na sahani.

Akaingia bandani na ng'ombe wake mpaka mbele, watu wakarudisha miguu.

"Mwenyekiti ulisema mwenye ng'ombe aseme," alisema. "Nasema. Huyu ni wa mrija. Kazaa juzi."

Mzee Ipyana akatoa kofia, akaivaa tena. "Mama, wewe mwenyewe ulisema hakushika."

"Nilisema. Nilidanganya. Sasa?"

"Lakini... huenda dume la misheni..."

"Mzee, mimi ng'ombe wangu hajawahi kufika misheni, hata mimi mwenyewe sijafika tangu Pasaka. Usinitafutie wakwe."

Banda likalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Dokta Devota, ambaye si mtu wa kukosa nafasi, akasema kwa sauti iliyopita kile kicheko, "Mwenyekiti, tuandike huduma inaendelea?" na mzee akapunga mkono kama anafukuza nzi, imeandikwa. Nyuma kule nikasikia yule mama wa kikapu anamwambia jirani yake, "Hata wangu yupo," kwa sauti ya chini, na jirani akamjibu, "Nyamaza, usije ukaambiwa ulete leo."

Marcelino hakuwa anasikia hayo. Alikuwa amesogea mpaka kwa ndama. Akachuchumaa. Ndama akatetemeka miguu, akayumba, mbele akapiga magoti, halafu akajinyanyua tena taratibu, nyuma kwanza. Marcelino aliinua kiganja, akakishusha, akakiinua tena, mwisho akamwekea kwenye nyota ya uso. Midomo ilicheza. Alichosema sikukisikia, lakini nakijua.

"Simama uchukue," alisema Tupokigwe.

Akafunua bakuli. Dang'a imepikwa, imeganda njano kama jibini, moshi unapanda.

"Mama, nimeshasema sidai."

"Na mimi nimeshasema sisamehewi. Kuku nimemwacha getini kamba mguuni. Kula."

Kijiko hakikuwepo. Alikula kwa mkono, ule mkono wa kulia, mbele ya watu. Alikula polepole kuliko nilivyowahi kumwona mtu akila. Mzee Ipyana alikuwa ameshageukia ajenda ya mlinzi, na watu nao wakaanza kubishana juu ya mlinzi, migongo kwetu. Tupokigwe alisimama na kamba mkononi anasubiri, anaangalia nyumbani kwake, kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Marcelino akafika karibu na mwisho. Akasimama hapo. Limebaki tonge moja, dogo. Akafunika bakuli na sahani, akampa.

Tupokigwe akafunua, akachungulia.

"Umebakisha."

"Nimeshiba, mama. Nyingine nitakuja kula siku nyingine."

"Hapana. Maliza."

"Nitapita jioni moja..."

"Maliza, Marcelino. Sitaki kitu chako kibaki nyumbani kwangu."

Alimwangalia. Halafu akapokea bakuli, akalimaliza lile tonge, akafuta ukingo kwa kidole, akamrudishia likiwa jeupe.

"Tumemalizana?" aliuliza Tupokigwe.

"Tumemalizana."

Tupokigwe akaweka bakuli kwapani, akavuta kamba, akaondoka na ng'ombe wake, ndama nyuma anajikwaa.